Eda Iliyoniozesha

Rukia mwanangu,

Salamu tumeshapeana, na zako za kununa nimezipokea. Nakuandikia kwa sababu leo tulipokaa kula, kila nilipofungua mdomo ulisema, "Mama, najua." Barua ina uzuri huo mmoja, kwamba haikatizwi. Nikikutumia ujumbe wa sauti utauendesha mbio mpaka nisikike kama kuku aliyekanyagwa.

Mambo ya nauli, ya kuangalia mizigo pale gati la Mokowe, ya kutonunua mayai ya kuchemsha dirishani mwa basi, nayaruka. Tumbo ni lako. Nataka kusema juu ya Baraka, ambaye unakwenda kuishi naye Mombasa katika chumba mlichokilipia pamoja. Uliniambia, umejikaza kama mtu anayengoja sindano, kwamba "tunaanza maisha, mambo ya harusi baadaye." Ulingoja nipige kelele. Sikupiga. Ukaenda kumwambia shangazi yako Esha kwamba mama ameishiwa nguvu.

Sikuishiwa nguvu. Nitampigia nani kelele, nami ndiye mwanamke pekee Kizingitini aliyeozeshwa na hakimu, mume akiwa tayari kaburini?

Mambo haya unayajua vipande. Mwisho wake unaujua zaidi, kwa sababu tunalala ndani yake. Mwanzo hukuuona, na katikati ulikuwa mdogo, ingawa ulimng'ata mtu.

Nilifika Kiwayu kutoka bara, Kitui, kufua mashuka ya wageni katika hoteli. Baba yako Lali alikuwa mzamiaji wa kamba, wale wakubwa wa mawe, akiwaleta jikoni wangali wakirusha mikia. Alikuwa mzuri, nisidanganye. Alinifundisha kumshika kamba bila kuchomwa, nami nikadhani mtu anayejua kushika kitu chenye miiba atajua kunishika mimi. Nilipoacha kazi akanileta hapa kwao, akamwambia kila mtu kuwa tumeozeshwa Malindi. Hatukuozeshwa popote. Malindi tulipita tukanunua sufuria.

Watu hawakuuliza habari za ndoa. Waliuliza habari za pilau. Esha alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwambia kaka yake, "Lali, umetunyima harusi! Umemwoa mbara wako huko kichinichini, pilau yetu iko wapi?" Baba yako akacheka, akachinja mbuzi, na mbuzi yule ndiye aliyekuwa kadhi wetu. Tangu siku ile nikawa mke wa Lali. Nilivaa buibui nikiwa bado na jina langu la ubatizo, nilifunga nao Ramadhani, nilioka mkate wa mofa mpaka wenyeji wakaacha kunicheka wakaanza kununua. Kwa mofa yangu na kamba wake tukajenga nyumba hii ya mawe, chumba baada ya chumba. Wewe ukazaliwa katika chumba cha pili, cha kwanza kikiwa hakina dari.

Sasa nikueleze habari ya ngumi.

Baba yako alikuwa na ghadhabu ya mzamiaji: ilikaa chini muda mrefu bila kupumua, kisha ikapanda ghafla. Lililoipandisha hasa ni neno moja, nikaha. Mambo mengine aliyavumilia, hata chumvi kuzidi. Nikisema tu, "Lali, twende kwa shehe tuifanye hii kitu iwe ndoa," ananijibu baada ya Maulidi. Maulidi yakipita, baada ya kusi kutulia. Nikisema mara ya tatu, mkono unakuja. Nadhani aliona aibu kurudi kwa watu aliowadanganya akawaambia kuwa aliwadanganya. Kuna wanaume wanaoona ni rahisi zaidi kuvunja uso wa mtu kuliko kuvunja neno lao wenyewe.

Jino langu hili la pembeni, ambalo watu huambiwa lilivunjwa na mfupa wa papa, alilivunja yeye. Ulikuwa uanze shule na mwalimu alitaka karatasi zako. Nikamwambia, "Mtoto ataandikwa nani?" Alikuwa akila. Aliinuka na bakuli mkononi, akanipiga nalo mdomoni, kisha bakuli lilipovunjika akaendelea na mkono mtupu. Nilianguka juu ya jiko la mofa. Nilimeza kipande cha jino, nikakitema kingine pamoja na damu kwenye unga wa kesho. Unga ule niliumwaga. Na ona jambo hili: kisiwa kizima cha wavuvi kilikubali hadithi ya mfupa wa papa, na hakuna mvuvi asiyejua kwamba papa hana mfupa wa kuvunja jino la mtu.

Siku ile nilikwenda kwa polisi, damu imenigandia buibui. Askari wa zamu alikuwa kijana wa bara kama mimi. Nikafurahi, nikadhani lugha ya nyumbani itasaidia. Alinitazama, akatazama saa, akasema, "Mama, haya ni mambo ya mume na mke. Rudini mkayamalize." Nikaenda kwa ami yako Shee, mkubwa wa ukoo. Naye, "Shemeji, mke hatolewi mkononi mwa mumewe. Vumilia." Nilirudi nikavumilia. Neno nikaha sikulisema tena. Hilo ndilo kosa langu, Rukia, na si dogo: niliona nikinyamaza sipigwi, nikaita hali ile amani. Tena alikuwa akinipenda baada ya kunipiga. Akipanda kutoka majini ananiletea kome la rangi, analiweka dirishani bila kusema kitu. Nilikuwa na makome mengi. Ukiyahesabu unajua amenipiga mara ngapi.

Halafu akafa. Alizama nje ya mwamba akimfuata kamba pangoni, na pango halikumwachia. Walipomleta, mikono yake ilikuwa imechanika hadi kwenye mifupa kwa kujivuta. Nililia mpaka sauti ikakatika. Usiniulize kwa nini. Nililia kama mke anavyolilia mume, na makovu yangu yalilia pamoja nami.

Kabla watu hawajarudi kutoka makaburini, Esha alinishika mkono. "Ndoo, wifi," akasema, yaani njoo, kwa Kiswahili chao, "ndoo nikuogeshe." Akaniogesha kwa mikono yake, akanivua bangili, akanifuta wanja, akanivalisha nguo nyeupe, akageuza kioo kikatazama ukuta. Akaniweka eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje, hajipambi, hasemi na wanaume wa kando. Nilikuwa Mkristo kwa cheti cha kanisa, lakini nilimwacha anifanye mjane kwa mila yake, kwa sababu ndio mkono pekee ulionigusa siku ile bila kunipiga.

Sikujua kwamba Shee alikuwa akiitazama eda ile kwa jicho la mfanyabiashara. Asubuhi moja nikasikia nyundo. Alikuwa akipigilia komeo mlangoni, upande wa nje.

"Shemeji, la nini hilo?"

"La kulinda heshima yako, shemeji. Watu wabaya."

Basi nikalindwa. Esha alikuja na chakula, akafungua, akafunga. Wewe ulikuwa ukipitishwa dirishani kama kikapu, kwenda chuoni kusoma Kurani. Nami nikiwa ndani, heshima yangu ikiwa salama salimini, Shee akaiuza boti ya baba yako, akauza mashine, akauza nyavu na miwani ya kuzamia. Nilisikia sauti ya mashine ile ikiondoka na mtu mwingine. Mke wa mvuvi huijua mashine ya mumewe kama kikohozi chake. Niligonga mlango mpaka vifundo vikachubuka. Nje, Esha akaniambia kwa upole, "Wifi, usipige kelele, utaharibu eda yako."

Nilipotoka eda, Shee alikuwa amekwisha kwenda Malindi. Aliwatafuta waliotuozesha, na bila shaka hakuwapata. Akarudi na uso wa mtu aliyeokota lulu. Akasimama uani mbele ya majirani akasema mimi sikuwa mke. Nilikuwa mpishi. Mpishi wa bara aliyelala nyumbani kwa marehemu kwa huruma ya marehemu, na mtoto wake ni wa njiani. Nyumba ni ya ukoo. Nitoke.

Sikutoka. Wiki hiyo hiyo wakaja, yeye na vijana wawili wa kukodi, na shoka na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua. Walianza na jikoni. Shoka liliingia kwenye jiko langu la mofa. "Toka, mbara!" Shee akapiga kelele. "Nti hii si yako! Rudi kwenu ukalime mawele!" Nikasimama mlangoni, mikono nimeitandaza kama mtu anayezuia mbuzi. Akanipiga kwa upondo. Mfupa wa mkono uliita, Rukia. Watu husema mfupa huvunjika kama ukuni mkavu. Wangu ulivunjika kama muwa mbichi, sauti yenye maji. Nikaanguka, akanikanyaga kifuani aingie. Hapo ndipo mtoto mmoja alitoka chini ya kitanda akamng'ata ami yake paja, na hakuachia. Alikupiga kofi la kwanza, la pili, damu ikakutoka puani, hukuachia. Nilipoona damu yako, mkono wangu mzima ukalikuta pale mlangoni karai la mafuta ya moto nililokuwa nakaangia. Nikalimwaga.

Lile kovu la shingoni mwa ami yako linalofanana na ramani ya Pate ndilo hilo. Sijutii. Nimejaribu kujuta, kwa adabu tu, nikashindwa.

Vijana wakakimbia. Shee alibingirika uani akilia kwa jina la mama yake. Mimi nikaenda kwa polisi, mkono unaning'inia. Unadhani nilimkuta nani? Yule yule, sasa amenenepa kidogo. Nikamwambia nyumba ya mume wangu inavunjwa. Akaniuliza, "Mume? Una cheti?"

"Si wewe uliyeniambia yale ni mambo ya mume na mke?"

"Mama, siku ile ulikuja kushtaki kupigwa. Leo unadai nyumba. Nyumba inataka karatasi."

Nakumbuka nilicheka pale, na mbavu zilizokanyagwa zikaniambia nisirudie. Kumbe kwa kupigwa nilikuwa mke kamili, bila swali hata moja. Ni kwa paa juu ya kichwa tu ndipo ndoa yangu ilipohitaji mhuri.

Shee akafungua kesi Lamu mjini nitolewe kama mvamizi. Alikuwa na wakili mwenye viatu vinavyolia. Mimi nilikuwa na plasta mkononi na mwanamke mmoja wa kuwasaidia wasio na wakili, ambaye alinieleza neno nililolishika kama mtu anayezama: dhana ya ndoa. Watu wakiishi pamoja muda mrefu, wakajenga, wakazaa, na jamii nzima ikawachukua kuwa mume na mke, hakimu anaweza kusema ndoa ilikuwapo hata kama hakuna aliyeona ikifungwa. Lakini aliniambia, "Haitoshi wewe kusema. Waseme wao." Na wao walikuwa upande wa Shee, au walikuwa wakimwogopa, na kwa mahakama hayo mawili ni sawa.

Jirani yetu Bi Khadija peke yake alikubali kuja. Wakili akamsimamia juu ya kichwa.

"Bi Khadija, uliiona nikaha yao?"

"Sikuiona."

"Basi umejuaje kuwa huyu ni mke wake?"

"Alikuwa akimpiga, bwana. Nimeyasikia kwa mashikio yangu haya."

Watu wakaanza kucheka. Wakili naye akatabasamu. "Hata mpishi anaweza kupigwa."

"Mpishi hupigwa mara moja, akaenda zake," alisema Bi Khadija. "Anayepigwa na kesho akateka maji, huyo ni mke."

Mahakama nzima ikacheka, na mimi nikacheka, mkono kwenye jino. Hakimu pekee hakucheka. Aliandika, kisha akatulia kalamu ikiwa hewani, akanitazama mdomo.

Kisha akaja Esha, shahidi wa Shee. Aliapa, akasema nilikuwa mpishi. Hakunitazama. Niliruhusiwa kumuuliza, na yule mwanamke wa msaada alikuwa amenipa maswali mengi mazuri kuhusu nyumba na mwaka wa kujenga. Niliyaacha yote. Nimeishi na Esha, namjua. Ukimwambia ni mwongo atakuapia. Ukimwambia hajui mila, atakuua.

Nikasema, "Wifi, mimi sina ugomvi nawe. Nina dukuduku moja tu. Eda yangu mliifanya ovyo."

"Nini?"

"Hamkuniogesha vizuri. Nguo nyeupe yenyewe ilikuwa na doa. Watu wanasema hata kioo hamkukigeuza. Huko bara mbuzi akifa tunamfanyia zaidi."

Wakili alisimama, viatu vikalia, lakini Esha alishainua kidole. "Muongo! Nani kasema? Nilikuogesha mwenyewe kwa mikono hii! Nguo niliitoa sandukuni mwangu, ya kwangu ya eda, haina doa hata la sindano! Kioo niligeuza, bangili nilivua, kaka akatia komeo usitoke, hukukanyaga nje hata siku moja, tukakutoa eda kwa haki yake! Hakuna mjane wa nti hii aliyekaa eda kama uliyokaa wewe!"

Wakili akaketi.

Hakimu akauliza taratibu, "Bi Esha, na huyo mjane alikuwa mjane wa nani?"

Esha akamtazama Shee. Kisha, namheshimu kwa hili mpaka leo, akajivuta buibui, akasema, "Wa kaka yangu Lali. Mila yetu haiogeshi mpishi."

Hivyo ndivyo nilivyoolewa. Hakimu alisema dhana ya ndoa imethibitika, nisibughudhiwe ndani ya nyumba, na wewe ni mtoto wa Lali mbele ya kila mtu. Boti haikurudi. Pale nje Shee, shingo imefungwa bendeji, alinipita akatema mate pembeni, akasema, "Haya, shemeji." Lilikuwa tusi, lakini nililipokea kama mahari.

Wenzangu kwenye boti ya kurudi walinipongeza. Nilikaa nyuma, umenilalia mapajani, nikawa nafurahi. Ndipo maneno ya Bi Khadija yakanirudia, bila kicheko sasa. Yule mama alisema ukweli. Aliulizwa alama ya ndoa yangu, akatafuta katika miaka yote aliyotusikia kupitia ukuta mmoja, na alichokikuta ni kelele zangu. Mofa, dari, homa nilizomuuguza Lali, hayo hayakupenya ukuta. Nilishika upande wa boti nikatapika. Ulidhani ni mawimbi.

Kwa hiyo sikuambii uolewe kesho, wala sikuambii usubiri. Cheti kingenisaidia kwa nyumba. Kwa jino kisingenisaidia kitu. Tafuteni karatasi mkitaka, tena zitafuteni mapema, ziwe na majina yenu wote wawili, mkataba wa chumba uwe na lako pia. Siku utakapolitaja neno ndoa, angalia mkono wake kabla ya kusikiliza jibu lake. Na ukinyamaza ili kuwe na utulivu, jua ni wewe unayeulipia utulivu huo.

Kuhusu Baraka mwenyewe. Alipokuja kutusalimu, ile chai iliyommwagikia suruali haikuniponyoka. Niliimwaga. Nilitaka kuona ghadhabu yake inakaa wapi. Aliruka, akajipepea, kisha akaniambia mimi, "Pole mama, hukuungua?" Nilipenda. Lakini kikombe kimoja cha chai si ushahidi. Baba yako naye alinifundisha kumshika kamba bila kuchomwa. Majirani zenu wa Mombasa, siku moja wakiulizwa kama ulikuwa mke, natamani wababaike. Waseme, "Sisi hatukuwahi kusikia kitu upande ule, ila redio na watu wakicheka."

Umeniuliza mara nyingi kwa nini sijaling'oa lile komeo la Shee, nami nikakujibu kuwa nyundo imepotea. Haikupotea. Nililiacha ili kila ninapotoka nilione, nikumbuke kwamba mlango mmoja unaweza kuitwa heshima na watu walio nje na kaburi na mtu aliye ndani. Leo alasiri, ulipokwenda kuwaaga rafiki zako, nimeling'oa. Misumari ilikuwa imeshika kutu, nimeliwekea mafuta, sasa linateleza vizuri.

Limo ndani ya begi lako, chini ya viatu, limefungwa kwa kanga. Usilitupe. Mwite fundi alipige kwenye mlango wa chumba chenu kabla hamjatundika pazia.

Upande wa ndani.

Mamako